Utasa: Mwenyewe Anapoanza Kusema

Utasa haujawahi kukosa wasemaji. Katika soko la Gakoromone mjini Meru, mwanamke anayeuza ndizi au njahi huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Kendi, Mama Mutwiri, Mama Kinya. Aliyeolewa miaka sita bila kupata mtoto hubaki na jina alilokuja nalo kutoka kwao, na kila mteja anayemwita hutaja hali ya nyumba yake bila kukusudia. Jirani wa kibanda anajua, wenzake wa chama wanajua, mama mkwe alijua kabla yao wote. Wanaojua husemezana. Sauti ambayo kwa miaka mingi haikusikika katika mazungumzo hayo ni ya mhusika mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyoingizwa na mitandao ya kijamii. Anayeandika leo kwenye Facebook kuhusu miaka yake ya kusubiri mtoto, au anayejirekodi kwenye TikTok, mara nyingi hawafichulii watu wa kwao jambo jipya. Analichukua jambo lililokuwa midomoni mwa wengine na kulisimulia mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu kuwa pana utasa pale mimba inapokosa kutungwa baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Ripoti ya shirika hilo ya Aprili 2023 ilikadiria kuwa mtu mzima 1 kati ya 6, yaani asilimia 17.5, hupitia hali hiyo wakati fulani maishani. Tofauti kati ya nchi tajiri na nyingine ni ndogo: asilimia 17.8 kwa 16.5. Kinachotofautiana ni tiba na bei yake. Wapo ambao hawajawahi kupata mimba kabisa, na wapo waliowahi kupata kisha ikashindikana tena. Kundi hili la pili ni kubwa katika Afrika kusini mwa Sahara, ila huonewa huruma kidogo, kwani aliye na mtoto mmoja akilalamika huulizwa kwa nini asimshukuru Mungu kwa huyo aliyenaye.

Sababu zinajulikana vizuri kuliko mazungumzo ya sokoni yanavyodhani. Kwa wanawake, mirija ya uzazi inaweza kuziba kutokana na klamidia au kisonono kisichotibiwa, maambukizi baada ya kujifungua, au utoaji mimba usio salama. Yai linaweza kukosa kupevuka kwa sababu ya mvurugiko wa homoni. Uvimbe katika mfuko wa uzazi na ugonjwa wa endometriosi huchangia pia, sawa na umri, hasa baada ya miaka 35. Kwa wanaume, mbegu zinaweza kuwa chache, dhaifu au zikakosekana kabisa, iwe kwa sababu ya mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani, ugonjwa wa matubwitubwi uliopatikana baada ya kubalehe, au njia ya mbegu iliyoziba. Takriban nusu ya visa vyote vina mkono wa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Hata hivyo lawama haigawanywi hivyo. Katika ndoa nyingi mke hupimwa mara tatu au nne kabla mume hajakubali kutoa manii yakapimwe mara moja, ingawa kipimo cha mume ndicho rahisi zaidi, cha bei nafuu zaidi, na hakina maumivu.

Uzito wa jambo hili katika nyanda za juu za Meru na Embu hauelezeki kwa idadi ya watoto pekee. Wakenya wanazaa kidogo kuliko zamani: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke mmoja alikadiriwa kupata watoto 8 hivi, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata wastani wa 3.4. Mashamba yamegawanywa yakawa vipande vidogo, karo imepanda, na wenzi wengi hutosheka na wawili au watatu. Mabadiliko hayo hayakumpunguzia mzigo asiye naye hata mmoja. Pengine yamemwongezea, kwa sababu zamani nyumba yenye watoto tisa iliweza kumpa shangazi mmoja wa kulea, na siku hizi nyumba yenye wawili haina wa kutoa.

Suluhisho za kale zilikuwepo, na hazikuhitaji mhusika aseme lolote. Mume alioa mke wa pili. Mtoto wa ndugu alilelewa kama wa nyumba hiyo. Katika baadhi ya jamii za Kenya, wakiwemo Wanandi, Wakamba na Wakisii, mwanamke asiye na mtoto aliweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake ili watoto wazaliwe kwa jina la nyumba yake. Desturi hiyo ilitambuliwa na Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2011 katika kesi ya urithi iliyohusu familia ya Kinandi. Mume alipokuwa ndiye mwenye tatizo, jamii nyingi zilikuwa na njia ya kulifunika kwa msaada wa siri wa ndugu yake. Mipango yote hiyo ilifanywa na wazee. Jambo lilipata ufumbuzi wa aina yake, na jina la mwanamume likabaki safi.

Siri hiyo inaweza kuua. Julai 2016, huko Masii katika kaunti ya Machakos, mwanamke aliyekuwa katika ndoa ya miaka saba bila mtoto alikatwa mikono kwa panga, na mumewe akakamatwa kwa shambulio hilo. Alieleza baadaye kwamba miaka miwili nyuma walikwenda pamoja hospitalini, na kipimo kikaonyesha kuwa tatizo lilikuwa la mume. Picha zake akiwa hospitalini zilisambaa kwenye simu za Wakenya ndani ya siku chache tu. Watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza, kwa lugha ya kawaida na nje ya kliniki, kwamba mwanamume naye anaweza kuwa tasa. Inasikitisha kwamba somo hilo lilihitaji mikono ya mtu.

Mazungumzo ya mtandaoni hayana uwazi wa aina moja, na anayeyasoma kwa haraka hudhani kwamba kila anayeandika amejianika. Ngazi ya chini kabisa ni kikundi cha WhatsApp cha watu thelathini au arobaini, ambamo wengi hutumia sauti kuliko maandishi na hujuana kwa namba. Juu yake ni makundi makubwa ya Facebook, ambamo mtu humwomba msimamizi amfiche ID. Kisa huchapishwa bila jina: miaka ya ndoa, vipimo vilivyofanywa, maneno ya wifi, swali mwishoni. Majibu huja kwa mamia, mengine ya busara, mengine ya kuuza dawa. Ngazi ya juu ni ya anayetumia jina na uso wake. Mwanamke wa Gakoromone anaweza kuwa katika ngazi ya kwanza na ya pili kwa miaka mitano, na jirani wa kibanda asijue kwamba kisa walichokisoma pamoja wakati wa chai, wakakitikisia kichwa, kilikuwa chake. Huo nao ni uwazi, na haustahili kudharauliwa. Mtu amechagua nani amsikie, jambo ambalo soko halikuwahi kumruhusu.

Waliopanda ngazi ya juu wamelipa gharama yake. Kambua, mwimbaji wa nyimbo za injili aliyejulikana sana kama mtangazaji wa kipindi cha Rauka cha Citizen TV, aliolewa mwaka 2012, na kwa miaka kadhaa tumbo lake lilikuwa mada ya watu asiowajua. Aliulizwa, akashauriwa, akakejeliwa. Alijibu hadharani bila matusi, akikumbusha kwamba nyuma ya kila swali la aina hiyo kuna mtu. Agosti 2019 alipata mtoto wa kiume. Februari 2021 alimpoteza mwanawe wa pili muda mfupi baada ya kuzaliwa, na habari hiyo aliitoa yeye mwenyewe kabla wengine hawajaiandika. Ukilinganisha nyakati hizo mbili, tofauti inaonekana: mara ya kwanza alikuwa anajibu, mara ya pili alikuwa anasimulia.

Nchini Tanzania, mwigizaji Wema Sepetu, aliyekuwa Miss Tanzania 2006, amesema mara nyingi kwamba ametamani mtoto na hajafanikiwa. Kwa kuwa maisha yake yote yamekuwa chini ya kamera, kila picha yake aliyovaa gauni pana imewahi kuzaa uvumi wa ujauzito. Ukurasa wake wa Instagram kwa miaka ulikuwa mahali pa kuona pande mbili za jambo hili kwa wakati mmoja. Chini ya chapisho lilelile mwanamke mmoja humshukuru kwa kusema yale ambayo yeye hawezi kuyasema nyumbani kwake, na mwingine humtukana.

Njambi Koikai, mtangazaji wa muziki wa rege, alizungumzia ugonjwa ambao wengi hawakuujua hata kwa jina. Endometriosi hutokea tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi zinapoota mahali pengine mwilini. Kwake zilifika hadi kwenye mapafu, yakawa yanasinyaa. Wakenya walichanga fedha akatibiwa Marekani mwaka 2018, akarudi na kuendelea kueleza kwa uwazi maumivu ya hedhi, upasuaji wa mara kwa mara, na athari zake kwa uzazi. Alifariki tarehe 3 Juni 2024. Kabla yake, msichana aliyezirai darasani kwa maumivu ya hedhi aliambiwa avumilie, yataisha akizaa. Baada yake, wapo wanaokwenda hospitalini wakiutaja ugonjwa kwa jina.

Bungeni sauti imekuwa ya Millie Odhiambo, mbunge wa Suba Kaskazini, ambaye amesema bila kuficha kwamba naye hakujaliwa mtoto na kwamba wapinzani wake wameitumia hali hiyo kumsema majukwaani. Tangu mwaka 2014 amekuwa akipeleka miswada ya kusimamia upandikizaji wa mimba na uchangiaji wa mayai na mbegu, ikikwama na kurudi. Novemba 2025 Bunge la Taifa lilipitisha mmoja wao, ukapaswa kuelekea Seneti. Mpaka hapo kliniki za Kenya zilikuwa zimefanya kazi hiyo kwa takriban miaka 20 bila sheria yake mahususi: watoto wa kwanza nchini waliotokana na utungishaji nje ya mwili, unaojulikana kwa kifupi kama IVF, walizaliwa Nairobi Mei 2006 chini ya uangalizi wa Dkt. Joshua Noreh. Uganda ilitangulia mwaka 2004. Mtoto wa kwanza duniani wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978.

Faida kubwa ya mazungumzo haya, kuliko hata kufarijiana, ni kwamba mtu hujifunza kuuliza. Katika kikundi kizuri mgeni huambiwa mambo ambayo foleni ya hospitali haina muda wa kuyaeleza. Anaambiwa asingoje miaka mitano: miezi 12 inatosha kutafuta daktari, na kwa aliyepita miaka 35 miezi 6. Anaambiwa waende wawili. Anaelezwa kwamba siku za kushika mimba ni kama sita tu katika kila mzunguko, zinazoishia siku yai linapotoka, yaani takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Hesabu hiyo wengi huianza upande usiofaa, wakihesabu kutoka hedhi iliyopita, hata kama mizunguko yao ni ya siku 35. Anaelezwa kipimo cha mirija ni kitu gani: rangi maalumu hupitishwa kwenye mfuko wa uzazi, kisha eksirei hupigwa kuona kama inapita. Anaambiwa kinauma kiasi gani. Vitabu husema kwamba pana usumbufu kidogo. Wanawake waliokifanya husema ukweli zaidi, na huongeza ushauri wa kumeza dawa ya maumivu mapema na kwenda na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Anaelezwa pia bei, na hapa ndipo mazungumzo hunyamaza kidogo. Hospitali za rufaa za Meru na Embu zina madaktari wa magonjwa ya wanawake, na uchunguzi wa mwanzo unaweza kuanzia huko. Kwa IVF safari ni ya Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru, tena si safari moja. Mzunguko mmoja mara nyingi hufika au hupita shilingi 400,000, na hata katika kliniki bora duniani mizunguko mingi haimaliziki kwa mtoto. Kwa anayeuza viazi kwa debe, hiyo ni bei ya kipande cha shamba. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaitaja afya ya uzazi kuwa haki ya kila mtu, lakini bima ya umma haikubeba gharama ya IVF chini ya NHIF, wala mrithi wake SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024, haikuileta. Mitandao imewafanya watu wajue kwamba tiba ipo. Kujua kwamba tiba ipo na kwamba huiwezi ni uchungu mpya, na makundi mengi hayajui la kusema mbele yake zaidi ya kuandika “Mungu ni mwaminifu”.

Dini, kwa hakika, haiwezi kutenganishwa na mazungumzo haya katika eneo ambalo Wamethodisti na Wakatoliki wamekita mizizi kwa zaidi ya karne moja. Maombi, shuhuda na majina ya vipimo huchanganyika katika uzi mmoja. Kanisa Katoliki halikubali IVF, msimamo lililoueleza rasmi mwaka 1987 katika waraka wa Vatikani uitwao Donum Vitae, ingawa linakubali tiba inayosaidia tendo la ndoa lizae. Makanisa mengi ya Kiprotestanti humwachia mtu dhamiri yake. Kwa Waislamu, fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980 iliruhusu IVF ikiwa mbegu na yai ni vya mume na mke walio katika ndoa, na ikakataa kuingizwa kwa mtu wa tatu. Wenzi wengi hufika kliniki wakiwa hawajui dini yao inasema nini, wamebeba tu hofu kwamba wanatenda dhambi.

Pale watu wenye shida wanapokusanyika, muuzaji hafiki kwa kuchelewa. Zamani alisimama kando ya soko na kipaza sauti na chupa zake. Sasa yumo ndani ya kikundi, ana picha za vichanga na shuhuda za wateja, na anatuma namba ya M-Pesa. Huuza dawa za “kusafisha kizazi”, vifuko vya mitishamba vya kuingizwa ukeni, na vidonge vya kupevusha mayai ambavyo kwa kawaida vinahitaji uangalizi wa daktari. Vifuko vile vinaweza kuleta maambukizi, na maambukizi ni mojawapo ya njia za kuziba mirija, hivyo mnunuzi anaweza kulipia tatizo alilotaka kuliondoa. Vidonge vya mayai vikimezwa kiholela vinaweza kuvimbisha ovari au kuleta mimba ya watoto wengi. Na mirija iliyoziba haizibuliwi na chai ya aina yoyote.

Zipo hatari nzito zaidi. Mapema miaka ya 2000 mhubiri Mkenya Gilbert Deya, aliyekuwa na kanisa London, alidai kwamba maombi yake yaliwapa wanawake tasa watoto wa miujiza. Wanawake walisafiri hadi Nairobi na kurudi Uingereza na vichanga. Novemba 2004 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kuwa mmoja wa watoto hao hakuwa na uhusiano wa damu na waliojiita wazazi wake, na kwamba alikuwa ameingizwa katika biashara ya watoto. Deya alirejeshwa Kenya mwaka 2017 ajibu mashtaka ya wizi wa watoto, na Julai 2023 mahakama ya Nairobi ikamwachilia huru kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Novemba 2020 uchunguzi wa BBC ulionyesha vichanga vikiibwa na kuuzwa Nairobi, na sehemu ya soko hilo ni wanawake wanaoogopa kuaibishwa kwa kukosa mtoto. Mwanamke anayefunga nguo tumboni kwa miezi tisa ili aonekane mjamzito anafanya hivyo kwa sababu watu wanamtazama tumbo. Angekuwa na mahali pa kusema “bado sijapata” bila kupoteza ndoa, mfanyabiashara wa vichanga angepoteza mteja mmoja.

Kusema nako kuna sheria zake. Kisa kilichoandikwa kikundini hupigwa skrinishoti kwa sekunde moja, na mji wa Meru si mkubwa kiasi cha kuficha mke wa mwenye duka fulani karibu na stendi, aliyeolewa mwaka fulani, mwenye mume anayefanya kazi Isiolo. Mtu hujifichua kwa maelezo madogo hata jina likifichwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni. Anayefuatilia haki yake polisi, hata hivyo, hulazimika kukisimulia upya kisa chake chote mezani, na wengi huona heri wakiache.

Zaidi ya majirani, kuna mume. Utasa ni siri ya watu wawili, na mmoja akiitoa ameitoa ya wote. Wanawake wazoefu katika makundi haya hushauriana kuanza kwa kukubaliana nyumbani: kipi kitasemwa, kwa nani, na kipi kitabaki chumbani. Majibu ya maabara ya mwenzi, hasa hesabu ya mbegu, huhesabiwa kuwa mali yake. Ushauri huu unaonekana kumlinda mwanamume kupita kiasi, ukizingatia jinsi jamii ilivyomlinda tayari. Kwa vitendo, hata hivyo, mwanamume aliyeaibishwa mtandaoni harudi kliniki, na bila yeye hakuna tiba inayoendelea.

Wanaume wenyewe karibu hawamo. Hukutana penye miraa, penye bodaboda, penye mpira, na huko huzungumzia nguvu za kiume kwa sauti kubwa, wakiamini kwamba mwenye nguvu hizo hawezi kuwa tasa. Mambo hayo mawili hayafungamani. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote na manii yake yasiwe na mbegu hata moja, kwani mbegu ni sehemu ndogo tu ya majimaji hayo na macho hayazioni. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini cha kawaida kuwa mbegu milioni 16 kwa kila mililita. Kibaya zaidi, homoni ya testosteroni, ambayo wengine hununua mtandaoni ili wawe na misuli au nguvu, huuamrisha mwili uache kutengeneza mbegu. Anayeitumia akitafuta mtoto anajifungia mlango. Sigara, pombe nyingi na joto la mara kwa mara kwenye korodani huchangia pia. Kuhusu miraa, ambayo Meru haiwezi kutajwa bila yake, matokeo ya tafiti yamepishana, na wabishi wa pande zote mbili huchukua yale yanayowafaa.

Wachache waliojitokeza kwa majina yao, ndani na nje ya Afrika Mashariki, wameonyesha kwamba video ya dakika mbili ya mwanamume akieleza alivyopimwa huleta wanaume wengi zaidi kwenye sanduku la ujumbe wa siri kuliko wanaotoa maoni hadharani. Huandika usiku, huuliza kliniki iko wapi, kisha hufuta ujumbe. Vituo vya redio vya Kimeru kama Muuga FM vingeweza kuwafikia vizuri kuliko mtandao wowote, kwa kuwa redio husikilizwa shambani na ndani ya matatu bila mtu kuonekana anasikiliza nini.

Makundi ya wanaosubiri mtoto yana tatizo moja ambalo hayakulitarajia: mafanikio. Anayepata mimba hujua kwamba habari yake itawafurahisha wenzake na kuwachoma kwa wakati mmoja. Baadhi ya vikundi vina kanuni kwamba picha ya ultrasaundi haiwekwi bila onyo, na mjamzito huhamia kikundi kingine. Mitambo ya matangazo haina adabu hiyo. Desemba 2018 Gillian Brockell, mwandishi wa Marekani aliyejifungua mtoto mfu, aliyaandikia makampuni ya teknolojia barua ya wazi akieleza jinsi yalivyoendelea kumwonyesha matangazo ya vitu vya watoto. Yeyote aliyetafuta neno “ujauzito” kwenye simu anaijua hali hiyo. Matangazo ya aina hiyo yanaweza kuzuiwa moja moja katika mipangilio ya simu, na kurasa za marafiki wanaojifungua zinaweza kunyamazishwa bila wao kujua.

Shuhuda zinazosambaa zaidi ni za waliosubiri miaka kumi wakapata mapacha. Wasiopata kamwe, ambao nao ni wengi, husimulia kidogo, na msomaji hubaki akiamini kwamba anayevumilia lazima atapata. Baadhi yao huamua kuasili. Katika vikundi swali hilo huanza kwa kunong’ona, kama mtu anayekiri kushindwa, kisha majibu huja yenye maelezo kamili. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kuasili hupitia shirika lililosajiliwa na uamuzi hutolewa na mahakama. Mtoto hukaa kwanza na walezi kabla ya amri kutolewa, na maafisa hutembelea nyumba. Hakuna malipo ya kumnunua mtoto, na anayeyadai ni wa kuripotiwa polisi. Wengine hulea watoto wa ndugu bila karatasi yoyote, kama ilivyokuwa zamani, na hushauriwa waiandike hali hiyo kisheria mapema, kabla urithi haujaleta ugomvi. Wengine huendelea na ndoa zao wakiwa wawili. Hao wanapoandika, ni mara chache kuhusu hospitali. Huandika kuhusu biashara na safari, au kuhusu wapwa waliowasomesha, na maswali wanayoulizwa chini ya machapisho yao hutoka zaidi kwa wanawake wadogo wanaotaka kujua kama maisha hayo yanawezekana na mama mkwe aliambiwaje.